Mota Huimba Kabla ya Kufa

Leo nataka tuzungumze habari za kelele. Si kelele za siasa, hizo tunazo za kutosha. Nazungumzia kelele za mota ya umeme, na swali moja ambalo nimelala nalo na kuamka nalo kwa muda wa mwaka mzima: je, unaweza kukaa mbele ya tarakilishi ukasema mota itatetemeka vipi na italia vipi, hata kabla chuma chake hakijakatwa? Na ukishasema, nani atakusikiliza?

Kwa mgeni anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni mwandishi wa programu, nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na umri unakaribia thelathini. Naishi Busibwabo, kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Kazi yangu naifanya kwa intaneti, stima ikiwepo. Kuna kampuni ndogo ng'ambo inayobuni mota za ndege ndogo za umeme, nayo ilinipa kibarua cha kuandika programu ya kukadiria mtetemo na kelele za mota hizo. Jina lake nalihifadhi, mkataba ni mkataba. Wazee wa hapa wakiniuliza nafanya kazi gani nami nikajibu "ndege", huwa wanatazama juu kwanza, kisha wananitazama mimi, kisha wanauliza habari za mahindi. Ha ha!

Mpaka wa baiskeli, pikipiki na droni

Kama kuna watu wenye haki ya kuzungumzia usafiri mdogo mdogo, ni sisi. Neno boda boda limezaliwa hapa Busia. Miaka ya 1960 na 1970, kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho si cha huyu wala si cha yule, na msafiri alikivuka kwa miguu, mzigo kichwani. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto kwenye keria ya nyuma wakaanza kuita abiria: boda, boda! Yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Baadaye zikaja pikipiki za petroli, na sasa zinaingia za umeme. Kampuni kama Roam (iliyoanza mwaka 2017 ikiitwa Opibus), Ampersand iliyoanzia Kigali, na Spiro zimeziweka barabarani katika miji ya Afrika Mashariki.

Angani nako kuna mambo. Oktoba 2016 Zipline walianza kupeleka damu kwenye hospitali za Rwanda kwa droni, yaani ndege ndogo za umeme zisizo na rubani. Upande wetu wa magharibi mwa Kenya wana kituo Chemelil, kaunti ya Kisumu. Mwaka 2022 Fahari Aviation, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilitia saini barua ya nia na kampuni ya Eve ya kununua hadi teksi 40 za angani zinazotumia umeme. Na Septemba 2025, Kigali iliona teksi ya angani ya EHang ikipaa bila rubani, aina ya EH216-S, yenye panga na mota 16.

Sasa, ukimwambia mtu "ya umeme", akilini mwake anasikia "ya kimya". Hapo ndipo naomba tusimame kidogo.

Sumaku haina adabu

Mota ina sehemu mbili kubwa. Moja inakaa tuli, inaitwa stata: pete ya chuma yenye meno, na nyaya za shaba zimesukwa katikati ya meno hayo. Nyingine inazunguka, inaitwa rota, na kwenye mota za ndege na pikipiki za umeme mara nyingi ina sumaku. Kati yao kuna mwanya mwembamba wa hewa, mara nyingi haufiki milimeta moja. Kazi yote inafanyika kwenye mwanya huo.

Yule mwanafizikia wa Scotland, James Clerk Maxwell, alituachia hesabu za mvutano huo. Uga wa sumaku ukiwa tesla 1 ndani ya mwanya, kila meta moja ya mraba inavutwa kwa nguvu ya karibu nyutoni 400,000. Hiyo ni kama uzito wa tani 40, yaani trela lililoshiba pale kwenye foleni ya Malaba. Mota ndogo haina meta nzima ya mraba. Tuseme ina eneo la sentimeta 100 za mraba, kama kiganja cha mkono wa mkulima. Bado ni mvutano wa kilo 400, magunia manne na zaidi ya mahindi, kwa kitu unachoweza kukibeba kwapani!

Nguvu inayozungusha panga ni sehemu ndogo tu ya mvutano huo. Sehemu kubwa haizungushi chochote. Inavuta pete ya stata kuelekea ndani, inaiachia, inaivuta tena, kila sumaku inapopita. Pete inapumua kama kifua.

Inapumua mara ngapi? Chukua mota ya droni yenye sumaku 14, inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 100 kwa sekunde. Zidisha kwa 14: pete inavutwa mara 1,400 kwa sekunde. Panga lenye mikono miwili kwenye mota hiyo hiyo linakata hewa mara 200 tu kwa sekunde. Sikio la binadamu lina wivu zaidi kwa sauti za kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa mota na watoto wake (mara mbili, mara tatu ya hiyo 1,400) unaingia moja kwa moja pale sikio lilipo kali. Ndiyo maana mlio huo unaudhi hata kama nguvu yake ni kidogo. Mbu naye hana nguvu, lakini nani amewahi kulala akiwa na mbu mmoja ndani ya neti?

Halafu kuna suala la umbo. Stata yenye meno 12 na rota yenye sumaku 14: tafuta kigawo kikubwa cha shirika, kama tulivyofundishwa darasa la sita. Ni 2. Maana yake pete inabanwa kwenye pande mbili zinazotazamana, kama unavyobana mkebe wa mafuta ya kupikia kwa viganja, ukawa na umbo la yai. Weka meno 12 na sumaku 8: kigawo ni 4, pete inabanwa kwenye pembe nne. Pete ni ngumu zaidi kubanwa kwa pembe nne kuliko mbili, kwa makadirio ni mara 25. Basi tutumie 12 na 8, tumalize? Ngoja kwanza. Mota ya 12 na 8 ina tabia ya kukwama-kwama inapozunguka, ule mguso unaousikia mkononi ukizungusha rota polepole. Kwa 12 na 14 miguso inagawanyika mara 84 kwa mzunguko, midogo midogo. Kwa 12 na 8 ni mara 24, mikubwa. Umeruka majivu, umekanyaga moto.

Mbunifu wa ndege ana tatizo jingine tena: uzito. Kila gramu inatafuta kisingizio cha kubaki. Anakata chuma cha pete, anakipunguza. Lakini ukipunguza unene wa pete kwa nusu, ugumu wake wa kutopinda unashuka mpaka sehemu moja ya nane. Mota nyepesi ni mota inayopenda kuimba.

Programu inafanya nini hasa

Wale wenzangu wa kuandika programu watauliza: kazi yako iko wapi hapo? Iko kwenye hatua nne, na kila hatua inakula matokeo ya ile iliyotangulia.

Kwanza, kokotoa uga wa sumaku ndani ya mwanya kwa kila nafasi ya rota. Pili, geuza uga huo kuwa nguvu kwenye kila jino la stata. Tatu, uliza chuma kitaitikiaje nguvu hizo. Nne, kokotoa hewa iliyo nje ya mota itasukumwa vipi, maana sauti si kitu kingine ila hewa iliyosukumwa.

Katikati ya yote kuna kifaa kimoja ninachokipenda kama panga la baba: mbinu ya Fourier, ambayo hugawa mtetemo wowote kuwa rundo la mitetemo safi. Cooley na Tukey walichapisha mwaka 1965 njia ya kuifanya haraka kwenye tarakilishi, na bila wao simu yako isingecheza hata wimbo mmoja.

Hatua ya tatu ndiyo yenye nyoka. Kila kitu kigumu kina mwendo wake kinaoupenda. Msukume mtoto kwenye bembea wakati wowote tu, haendi popote. Msukume kila anaporudi, anafika kwenye matawi. Pete ya stata ni hivyo hivyo. Kama inapenda kutetemeka mara 2,800 kwa sekunde, na mota ikafika kasi ambayo nguvu yake ni 2,800 kwa sekunde, basi kelele inapanda ghafla. Wilfred Campbell wa General Electric alikuwa akihangaika na tatizo la namna hii kwenye diski za tabo za mvuke, na mchoro wa kutafuta mahali mistari hiyo miwili inapokutana bado unaitwa kwa jina lake tangu kazi yake ya mwaka 1924.

Ona tofauti ya mashine tatu. Poshomili inazunguka kwa kasi ile ile asubuhi hadi jioni: ukikwepa mahali pabaya mara moja, umekwepa. Pikipiki ya umeme inapanda kutoka sifuri, inashuka kwenye tuta, inapanda tena, kwa hiyo inapita mahali pabaya mara mia kwa siku, lakini inapita tu. Ndege inapanda na kasi moja, inasafiri na nyingine, inatua na ya tatu, na zile zenye mota nyingi hubadili kasi ya kila mota kila wakati ili zisipinduke. Huna mahali pa kujificha. Tena mota 16 zinazolia sawa hazitoi kelele mara 16 masikioni, zinaongeza desibeli 12 juu ya mota moja. Na mbili zikitofautiana kidogo, moja 200 na nyingine 203 kwa sekunde, utasikia wimbi linalopanda na kushuka mara tatu kila sekunde. Aliyewahi kulala karibu na malori mawili yaliyoachwa yakinguruma usiku anajua ninachosema.

Sasa nyoka mwenyewe. Mwendo ambao chuma kinaupenda, naweza kuukokotoa vizuri. Lakini sauti itapanda juu kiasi gani hapo kwenye kilele? Hiyo inategemea chuma kinameza mtetemo kwa kiasi gani, na umezaji huo unatokana na vanishi kwenye nyaya, jinsi nyaya zilivyokazwa, boliti, gundi. Hakuna kitabu kitakachokupa namba hiyo kwa mota ambayo haijazaliwa. Umezaji ukiwa asilimia 1 badala ya 3, kilele kinapanda mara tatu. Hiyo ni karibu desibeli 10, tofauti kati ya "haisikiki sana" na "zima hicho kitu".

Mama na ile laini ya 115

Mama ana poshomili. Ndiyo iliyonisomesha, kuanzia darasa la kwanza hadi chuo kikuu, kwa hiyo naiheshimu kuliko seva yoyote. Mota yake ni ya kawaida ya nyaya tatu za stima, bamba lake linasema mizunguko 1,440 kwa dakika, yaani 24 kwa sekunde. Mwaka 2024, mavuno ya Agosti yakianza, nilikuwa nafanyia programu yangu mazoezi. Mota za ndege ziko ng'ambo, lakini ya mama iko hatua ishirini kutoka kitandani kwangu. Nikawa nairekodi kila jioni.

Nilitumia maikrofoni ya simu, sikutumia kile kihisi cha mtikisiko kilichomo ndani yake, na sababu ni hii. Kihisi hicho kwenye simu yangu huchukua vipimo kama 200 kwa sekunde, na kanuni inasema utaona mitetemo ya hadi nusu ya hapo tu, yaani 100. Maikrofoni huchukua 44,100, kwa hiyo inaona hadi kama 22,000. Kwenye beringi ndiko kulikonivutia. Beringi yenye mipira 8 ikipata kidonda kwenye pete ya nje, mipira inakigonga kidonda mara 0.4 × 8 × 24 kwa sekunde, takriban 77. Kidonda kikiwa pete ya ndani, ni 0.6 × 8 × 24, takriban 115. Kila mgongo ni mdogo, lakini unafanya chuma chote kilie kwa sauti nyembamba kama kengele. Kwa hiyo huitafuti 115 yenyewe. Unaitafuta sauti nyembamba inayopanda na kushuka mara 115 kwa sekunde.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili, laini ndogo pale pale, 115. Wiki ya tatu imenenepa. Nikachapisha mchoro, nikamwendea mama. Mazungumzo yakawa hivi:

"Mwanangu, mashine inasaga?"

"Inasaga, mama."

"Unga ni mzuri?"

"Ni mzuri."

"Sasa mgonjwa ni nani, ni mashine au ni hiyo laini yako?"

Watu kumi na wawili walikuwa kwenye foleni wakisikiliza. Nikarudi nyuma, nikamwita mjomba. Mjomba ni fundi wa kusuka mota mjini Busia, hajawahi kuketi kwenye darasa la chuo, na mikono yake inanuka vanishi hata siku ya arusi. Alikuja na bisibisi ndefu. Kwanza alisema, "Zima stima." Mama akazima. Mota ikaendelea kuzunguka yenyewe ikipunguza kasi, na ule mngurumo mzito ukakatika papo hapo. "Huo ulikuwa wa sumaku," akasema, "umeondoka na stima. Uliobaki ni wa chuma." Hebu fikirieni. Mngurumo ule ni 100 kwa sekunde, mara mbili ya stima yetu ya 50, nami ningeandika mistari mia mbili ya programu kuutenganisha. Mjomba aliutenganisha kwa swichi.

Kisha mama akawasha tena. Mjomba akaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni, akafumba macho.

"Humu ndani kuna mtu anagonga mlango."

Mama akamuuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya yote: "Ataingia siku gani?"

"Hilo muulize mwanao, ana digrii," mjomba akajibu.

Watu wakacheka. Mimi nikamwambia mama ukweli: siku siijui. Laini inasema kidonda kipo na kinakua. Haisemi Jumanne. Beringi mbili zenye kidonda kile kile, moja inaweza kukimbia siku nne, nyingine miezi miwili.

Mama alinyamaza, akawa anahesabu. Hakuhesabu hezi wala desibeli. Alihesabu kwamba mavuno ndiyo kwanza yameanza, kwamba mteja akikuta mlango umefungwa ataenda kwa jirani na huenda asirudi, na kwamba mota ikijikamata foleni ikiwa ndefu inaweza kuunguza nyaya, na kusuka upya ni pesa nyingi kuliko beringi. Halafu akasema: "Jumapili sisagi. Mje Jumapili."

Tukaja Jumapili. Beringi ilitoka, mpya ikaingia, kufikia saa tisa mchana kazi imekwisha. Mjomba akaikata ile ya zamani kwa grenda ili tuone ndani. Kwenye pete ya ndani palikuwa na shimo dogo, kama punje ya wimbi. Mama akalitazama akasema, "Hiki kingefika Oktoba." Mjomba akasema, "Kisingefika Alhamisi." Kila mmoja anaweza kuwa amesema kweli, na hakuna atakayejua kamwe. Ndiyo dhiki ya utabiri wa mashine. Ukifaulu, hakuna kilichovunjika cha kuwaonyesha watu.

Lakini kuna jambo nililojifunza pale ambalo profesa hakunifundisha. Mchoro wangu haukumpa mama siku ambayo mota ingekufa. Ulimpa uwezo wa kuchagua siku yake mwenyewe. Utabiri wenye manufaa hauhitaji kujua saa. Unahitaji kufika mapema kiasi kwamba mwenye mali bado ana Jumapili mkononi.

Namba moja, tafadhali

Mwezi huo huo wale wa ng'ambo wakaniandikia. Walitaka kelele ya mota yao mpya kwa desibeli, namba moja, waiweke kwenye karatasi ya kuonyesha wenye pesa. Nikakumbuka swali la siku gani. Ni lile lile, limevaa suti.

Ningeweza kuwapa. Programu hutema namba moja ukiitaka, hata na desimali mbili, na namba yenye desimali mbili hupendeza machoni. Na nilikuwa na kila sababu ya kuwafurahisha, maana awamu ya pili ya mkataba ilikuwa haijasainiwa, na karo ya mdogo wangu wa kidato cha tatu ilikuwa inatazama upande huo. Lakini mimi nilijua namba ile imesimama juu ya umezaji ambao hakuna aliyeupima. Nikawatumia kipimo cha chini na cha juu, desibeli 10 kati yao, na ombi moja: gongeni stata yenu kwa nyundo.

Sikufanya mzaha. Nendeni sokoni mkawatazame akina mama wanaonunua vyungu. Hakuna anayenunua kabla ya kukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima kinalia muda mrefu kidogo. Chenye ufa kinalia kwa ufupi na sauti butu. Wahandisi wanafanya hivyo hivyo, ila nyundo yao ina kihisi ndani na chungu chao kimegandishiwa kihisi kingine. Unagonga mara moja, unaona mwendo ambao chuma kinaupenda, na unaona kinazima haraka kiasi gani. Huo ndio umezaji.

Wakanyamaza wiki tatu. Wiki tatu ni ndefu kwa mtu anayengoja barua pepe na huku shule inangoja karo. Mwishowe wakagonga, wakanitumia vipimo, na pengo langu la desibeli 10 likapungua hadi 3. Awamu ya pili walisaini kwa miezi minne badala ya kumi na miwili. Karo ya muhula ililipwa. Muhula uliofuata mama alichangia kutoka kwa mashine.

Walio chini

Angani hakuna Jumapili. Mota ikijikamata huko juu, hakuna wa kusema mje kesho na beringi. NASA walikuwa na ndege ya umeme ya majaribio iliyoitwa X-57 Maxwell, kwa heshima ya yule yule Maxwell wa hesabu za mvutano. Mwaka 2023 walitangaza kwamba mradi unafungwa bila ndege kuruka. Walikuwa wamegundua kwenye mfumo wa kuisukuma ndege namna ya kuharibika ambayo ingehatarisha maisha ya rubani, na muda wa kuirekebisha haukutosha. Wapo waliowacheka. Mimi siwacheki. Walisikia mtu anagonga mlango wakachagua siku yao, ndege ikiwa bado chini.

Na hata mota isiyovunjika ina deni kwa walio chini yake. Mwaka 2022 Joby wa Marekani walitangaza vipimo walivyofanya pamoja na NASA: ndege yao ikipita kwenye urefu wa meta 500, kelele iliyofika chini ilikuwa desibeli 45.2. Ni kazi nzuri sana, nawapa heko. Lakini swali ni je, desibeli 45 dhidi ya nini? Katikati ya mji, magari huifunika sauti hiyo, hata huisikii. Busibwabo saa nane usiku, mbwa akinyamaza, kuna ukimya ambao mtu wa mji hajawahi kuusikia. Hapo 45 ni mgeni anayebisha hodi.

Kwa hiyo nikiandika sehemu ya nne ya programu, ile ya sauti, nimeweka mahali pa kujaza kitu ambacho sikuombwa: ukimya wa pale ndege inapopita. Mteja akiuacha wazi, programu inauliza. Haikatai kufanya kazi, inauliza tu. Watu wa magharibi mwa Kenya wanahitaji damu na chanjo zifike haraka, na mimi ni wa kwanza kushangilia droni. Lakini anayelala chini ya njia yake awe kwenye hesabu tangu mwanzo, kabla chuma hakijakatwa, maana baada ya hapo jibu huwa ni "mtazoea".

Nimalizie kwa kitu cha kufanya nyumbani. Kama una mota yoyote, ya pampu, ya poshomili, ya feni, irekodi leo ikiwa mzima, dakika moja tu, simu mahali pale pale, kasi ile ile. Andika tarehe. Rudia kila mwezi. Usiangalie namba, angalia mabadiliko. Na siku ukiona laini mpya inanenepa, zima stima kwanza usikilize kinachobaki, kisha mtafute fundi mwenye bisibisi ndefu kabla hujamtafuta mtu kama mimi.

Stima imeanza kucheza cheza, naomba nihifadhi haya kabla haijakatika. Tuonane wakati mwingine.